Likizo ya Mlima Kenya: Mtoto ndiye aweke mwendo

Na DAKTARI WETU

Shule zinapofungwa, familia nyingi za mjini huwaza mambo mawili: kwenda mashambani kuwaona nyanya na babu, au kuteremka Mombasa watoto wakaoge baharini. Lakini siku hizi wazazi wengi wanaelekea upande mwingine, Nyeri, Naro Moru, Nanyuki na Timau, ili watoto wauone Mlima Kenya, wapande farasi, wavue samaki mtoni na kuwatazama vifaru kwa macho yao badala ya kuwaona kwenye runinga. Kama daktari, safari hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Hata hivyo, maswali wanayoniuliza wazazi kabla ya kuondoka huwa ni yale yale. Je, simba hawatatudhuru? Na nyoka je? Ni nadra kumpata mzazi anayeuliza juu ya baridi, jua, mbwa wa mahali watakapolala au mtoto kuumwa na kichwa akiwa juu mlimani. Ilhali hayo ndiyo mambo ambayo huwafikisha watoto hospitalini. Simba tutamtazama tukiwa ndani ya gari, na kuna askari wa wanyamapori wa kutuongoza. Baridi haina askari.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mzazi yale ambayo familia inaweza kufanya katika sehemu hizo, na jinsi ya kuyafanya ili kila mtu arudi nyumbani salama. Kanuni ni moja: mwendo wa safari uwekwe na mtoto mdogo kuliko wote, wala si na baba mwenye hamu ya kufika kileleni.

FAIDA YA KUTOKA NJE

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mtoto anayeishi ghorofa ya nne, ambaye uwanja wake wa kuchezea ni ngazi na maegesho ya magari, hazipati dakika hizo kwa urahisi. Aidha, uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa umeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje kwa muda mrefu mchana hawapatwi kwa wingi na tatizo la kutoona mbali kama wale wanaoshinda ndani wakitazama simu na vitabu.

Basi siku nne za kutembea, kupanda, kuruka vijito na kukimbizana nyasini ni dawa ambayo haiuzwi katika duka lolote. Tena ni dawa ambayo mzazi anaimeza pamoja na mtoto wake.

SIKU YA KWANZA NI YA KUPUMZIKA

Mji wa Nanyuki uko kiasi cha kilomita 200 kutoka Nairobi, na umeinuka karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Kwa hivyo familia ya Nairobi haitaona tofauti kubwa inapofika. Lakini familia inayotoka Mombasa, ambako ni usawa wa bahari, au Kisumu, ambako ni karibu mita 1,130, itaona watoto wakichoka upesi na kuhema kidogo wanapokimbia. Hilo si ugonjwa. Mwili unajizoesha hewa nyepesi, na unahitaji siku moja au mbili.

Siku ya kwanza, basi, isipangiwe mambo mengi. Wapeleke watoto kwenye kibao cha ikweta wakapigwe picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Vijana wa hapo watawaonyesha jinsi maji yanavyozunguka kwenye karai kila upande wa mstari. Ni mchezo mzuri wa kutazama, ingawa ukweli ni kwamba katika chombo kidogo namna hiyo maji hufuata jinsi yalivyomiminwa, wala hayaijui ikweta iko wapi. Kisha wale mapema, wanywe maji ya kutosha, walale mapema.

Kuna sababu nyingine ya kulala mapema. Mlima huonekana vyema alfajiri. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi, mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuufunika. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na mbili na kuonyeshwa kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kikiwa na theluji yake hatakisahau.

SOKWE, VIFARU NA MAFUA YETU

Magharibi ya Nanyuki, katika Kaunti ya Laikipia, kuna hifadhi ya Ol Pejeta yenye ukubwa wa karibu kilomita 360 za mraba. Hapa ndipo mahali ninapopendekeza familia ianzie, kwa kuwa mtu huweza kuwaona ndovu, nyati, twiga, pundamilia na vifaru bila kupanda juu zaidi. Hapa ndipo walipoletwa mwaka wa 2009, kutoka nchi ya Cheki, vifaru weupe wanne wa jamii ya kaskazini. Dume lililokuwa la mwisho duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi 2018, akaacha binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Kwa mtoto wa shule, somo la kutoweka kwa wanyama hueleweka hapa kuliko katika kitabu chochote.

Ndani ya hifadhi hiyo mna kituo cha sokwe cha Sweetwaters. Sokwe si wanyama wa asili wa Kenya. Kituo kilianzishwa mwaka wa 1993 kuwapokea sokwe yatima waliotolewa Bujumbura, Burundi, wakati wa vita. Watoto hupenda sana kuwatazama kwa sababu wana mikono, nyuso na hasira kama zetu.

Kwa sababu hiyo hiyo, magonjwa yetu huwaambukiza. Mwaka wa 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, virusi vya mafua ya kawaida ya binadamu viliua sokwe kadhaa. Mtoto mwenye mafua, kikohozi au kuhara asipelekwe kuwatazama sokwe siku hiyo, hata kama amelia. Mwambie ukweli: wewe utapona kwa siku nne, sokwe huenda asipone.

Mkiwa ndani ya gari, mikanda ifungwe mwendo unapokuwa wa kawaida. Gari likisimama na paa likafunguliwa, mtoto mdogo ashikwe kiunoni na mtu mzima. Majeraha mengi ya safari za mbugani hayasababishwi na wanyama, bali na gari linaloingia kwenye shimo wakati mtoto amesimama juu ya kiti.

KUGUSA NA KUNAWA

Karibu na Nanyuki pia kuna Mount Kenya Wildlife Conservancy, ambayo chimbuko lake ni shamba la wanyama lililoanzishwa mwaka wa 1967 na mwigizaji wa filamu William Holden pamoja na wenzake. Inajulikana kwa kutunza wanyama yatima na kwa kuzalisha bongo wa milimani, swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye wamebaki chini ya 100 msituni. Mwaka wa 2022 hifadhi hiyo ilifungua eneo liitwalo Mawingu, ambako bongo waliozalishwa kizuizini huzoeshwa maisha ya porini. Piga simu kabla ya kwenda ili ujue saa za wageni na ni wanyama gani wanaoruhusiwa kuguswa.

Kugusa mnyama ni furaha kubwa kwa mtoto wa mjini, nami simzuii. Ninachosisitiza ni sabuni. Kobe, ndege, mbuzi na ndama hubeba vijidudu ambavyo haviwadhuru wao, lakini humletea mtoto kuhara na homa kali. Kobe hasa hujulikana kwa kubeba salmonela. Watoto walio chini ya miaka mitano ndio wanaougua zaidi, kwa kuwa mikono yao haikai mbali na midomo.

Kwa hivyo: mtoto asile wala kunyonya pipi akiwa miongoni mwa wanyama. Akitoka anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya kupaka mikononi, ambayo wazazi wengi hubeba tangu mwaka wa 2020, haifanyi kazi vizuri mikono ikiwa na matope au samadi. Beba chupa ya maji na kipande cha sabuni garini.

Jambo jingine ni maziwa. Ukitembelea shamba ambako ng'ombe, mbuzi au ngamia wanakamuliwa, watoto watatamani kuonja. Yachemshwe kwanza. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya viungo, ambao huchukua majuma mengi kutibiwa.

KUPANDA FARASI

Farasi wanapatikana katika hoteli na mashamba kadhaa ya Naro Moru, Nanyuki na Timau. Usikubali mtoto apandishwe bila kofia ngumu inayomkaa sawasawa na kufungwa kidevuni. Kama mwenye farasi hana kofia ya ukubwa wa mtoto wako, mshukuru na uende zako. Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku. Mfundishe mtoto asimkaribie farasi kutoka nyuma, na chakula ampe juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole vikiwa pamoja.

Mtoto mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa mzazi, wala si ndani ya begi lililoachwa hotelini. Manyoya ya farasi, vumbi la barabara za Laikipia na baridi ya asubuhi ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha pumu kwa siku moja.

MNYAMA WA KUOGOPWA NI MBWA

Miaka michache iliyopita niliona msichana wa miaka sita ambaye familia yake ilikuwa imerudi kutoka huko siku nne kabla. Wazazi walimleta kwa sababu ya kikohozi. Nilipomwambia avue sweta, niliona alama mbili ndogo mkononi. Mama akacheka: alichezewa tu na mtoto wa mbwa pale walipolala, akamkwaruza kwa meno, wakapaka mafuta ya mgando. Je, mbwa huyo alikuwa amechanjwa? Hakuna aliyejua. Simu ilipigwa, na jibu likaja kwamba mbwa yule alikuwa amepotea. Siku hiyo hiyo tulianza chanjo, na mtoto yu hai na yuko shuleni.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Hadi visa 99 katika kila 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Watoto huumwa usoni na mikononi, na kadiri kidonda kinavyokuwa karibu na ubongo ndivyo ugonjwa unavyoweza kufika upesi.

Mtoto akiumwa, akikwaruzwa na kutoka damu au akilambwa kwenye kidonda na mbwa, paka, nyani, tumbili au mnyama yeyote wa porini, fanya hivi. Kwanza, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Pili, paka dawa ya kuua vijidudu kama ile ya aidini. Usipake pilipili, kahawa wala mafuta, na usikifunge kidonda kwa kukikaza. Tatu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kuna hospitali kubwa za umma Nanyuki na Nyeri. Usingoje kurudi Nairobi, wala usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Chanjo hudungwa mara kadhaa: siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu, baada ya siku saba, na kuendelea kama daktari atakavyoelekeza. Usiache katikati kwa sababu likizo imekwisha. Kituo chochote chenye chanjo hiyo karibu nawe kinaweza kuendelea nayo, almradi ubebe karatasi yako. Kwa vidonda vikubwa daktari ataongeza dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka kidonda, na atatazama pia kama chanjo ya pepopunda inahitajika.

Kuhusu nyani na tumbili, ambao hupenda kuzurura kwenye kambi na mahali pa kulia chakula, sheria ni fupi: wasilishwe, wala mtoto asitembee akiwa na ndizi au mandazi mkononi.

MSITUNI NA MTONI

Karibu na Timau kuna msitu wa Ngare Ndare, ambao ni njia ya ndovu kati ya Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Mwaka wa 2013 msitu huo pamoja na Lewa uliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambamo mlima wenyewe uliingizwa mwaka wa 1997. Kuna daraja la kamba na waya lenye urefu wa zaidi ya mita 400 linalopita katikati ya matawi ya miti, na vidimbwi vya maji ya buluu chini ya maporomoko. Nendeni na askari wa msitu, kwa sababu ndovu wamo. Maji ya vidimbwi ni baridi sana: hata mtoto anayejua kuogelea asirukie ghafla, bali aingie polepole, na akianza kutetemeka atoke.

Mito ya Naro Moru, Burguret na Liki ina samaki aina ya trauti, walioletwa na walowezi mwanzoni mwa karne iliyopita. Kuvua kunamfundisha mtoto subira. Uliza kwanza kama panahitajika kibali, na kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wake mmoja ukingoni, asiye na simu mkononi.

Maji hayo yanang'aa hata mtu hutamani kuyanywa. Asiyanywe. Ng'ombe, wanyama wa porini na watu hutumia mito hiyo huko juu, na viini vya kuhara havionekani. Yachemsheni. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kadiri unavyopanda juu, maji huchemka yakiwa hayajapata moto kama kule chini. Kwa hivyo juu ya mita 2,000 yaache yatokote kwa dakika tatu kamili kabla ya kuyaepua.

Jioni, kabla ya kuoga, mkague mtoto mwili mzima mkitafuta kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu na moja kwa moja, kisha osha mahali pale. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Soksi ndefu na suruali zilizochomekwa ndani yake huzuia kupe, siafu na pia thabai, yale majani ya kuwasha yaliyojaa kando ya vijia.

MKIPANDA JUU ZAIDI

Sasa tufike kwenye mlima wenyewe. Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1949, ina mageti kadhaa. Geti la Naro Moru liko mita 2,400 na la Sirimon mita 2,650. Kutoka geti la Naro Moru hadi Met Station, iliyo mita 3,050, ni karibu kilomita 10. Kilele cha watembeaji, Point Lenana, kiko mita 4,985. Huko, oksijeni inayoingia mapafuni kwa kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa.

Kwa familia yenye watoto wadogo, ninashauri matembezi ya mchana mmoja: kuingia getini asubuhi pamoja na kiongozi wa mlima, kupita msituni mkiwatafuta mbega, kima na ndege, kupita katika mianzi, na kurudi kabla ya mvua ya alasiri. Si lazima kufika Met Station. Mtoto wa miaka mitano aliyetembea kilomita mbili na kurudi amefanya kazi kubwa.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana zaidi ya mita 2,500. Mtu mzima atakwambia kichwa kinamuuma, hana hamu ya chakula, anasikia kichefuchefu, hapati usingizi. Mtoto mdogo hawezi kusema hayo. Yeye huwa mkaidi, hulia ovyo, hukataa chakula anachokipenda, huacha kucheza, hutapika. Mzazi humdhania kuwa amedeka au amechoka. Sheria yangu ni hii: mtoto aliye juu ya mita 2,500 ambaye hataki kucheza na hataki kula, mhesabu kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Msipande tena hata hatua moja. Kama hana nafuu baada ya kupumzika, au kama anazidi, teremkeni wakati huo huo, hata kama ni usiku na kiongozi anasema kilele ki karibu. Kushuka hata mita 500 huleta nafuu kubwa.

Dalili za hatari ni kuhema akiwa ameketi, kikohozi chenye povu, midomo kuwa ya buluu, kuyumbayumba kama mlevi au kusemasema maneno yasiyoeleweka. Hapo mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, na kuchelewa kunaua. Hili huweza kumpata kijana mwenye nguvu na mwanamichezo. Afya njema si kinga.

Kwa watoto wakubwa wanaotaka kulala mlimani, kumbukeni kwamba ukivuka mita 3,000 mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na baada ya siku tatu au nne iwepo siku moja ya kupumzika. Safari za harakaharaka, za kulala mita 3,000 leo na mita 4,200 kesho, ni za kuokoa pesa, wala hazimfai mtoto. Usimpe dawa za usingizi, wala usimpe dawa ya mwinuko uliyoandikiwa wewe.

Wapo ambao wasipande kabisa kabla ya kumwona daktari: wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wajawazito, watoto waliougua nimonia au homa ya kifua majuma ya karibuni, na wenye ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi huuita siko seli. Kwa huyu wa mwisho, hewa nyepesi, baridi na ukosefu wa maji mwilini ni vitu vitatu vinavyoamsha maumivu makali. Hata mtu aliyerithi upande mmoja tu wa selimundu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kudhurika bandama akiwa juu sana. Familia zitokazo Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako selimundu ni nyingi, ziwapime watoto kwanza. Kipimo ni cha damu kidogo tu.

BARIDI NA JUA

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa kiasi cha nyuzi sita. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na aliyelowa hupoteza haraka zaidi. Mvishe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, sweta la sufu, koti la mvua, boshori na gambuti. Nguo za pamba na za jinzi zikilowa hazipashi mwili joto. Akilowa, mbadilishe papo hapo, hata kama mmebakisha nusu saa kufika.

Usiku, usiingize jiko la makaa ndani ya chumba wala hema. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Chupa ya maji moto iliyofungwa vyema na blanketi la ziada vinatosha.

Mchana, baridi inatudanganya kwamba jua ni dogo. Miale inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua ni kwa wote, wala si kwa Wazungu peke yao. Kwa mtoto mwenye ualbino, hayo pamoja na mafuta ya kuzuia jua ni lazima, na matembezi yake yawe ya asubuhi na jioni.

MKISHARUDI NYUMBANI

Homa inayomshika mtoto baada ya safari isichukuliwe kuwa uchovu wa njia. Akipata homa na kuumwa na kichwa ndani ya majuma mawili, mtazame ngozi: kidonda kidogo chenye kigaga cheusi ni alama ya homa ya kupe, ambayo hupona vizuri ikitibiwa mapema. Nanyuki haina mbu wa malaria kama Kisumu au Kilifi, lakini mtoto aliyetoka huko huenda alikuja na malaria mwilini, kwa hivyo apimwe. Homa inayokaa majuma kadhaa ikumbushe brusela. Mwambie daktari mlikokwenda, wanyama aliowagusa na alichokunywa, hata kama hakukuuliza.

Katika mkoba wa safari tieni kipimajoto, parasetamoli ya watoto, pakiti za chumvichumvi za kuhara, sabuni, dawa ya aidini, bandeji, kibano, dawa za kawaida za kila mgonjwa na kadi ya chanjo ya kila mtoto. Miezi ya Januari, Februari, Agosti na Septemba huwa na mvua chache kuliko Aprili na Mei. Mkiweza, mwoneni daktari wenu majuma mawili kabla ya kuondoka.

Na mkifika mahali ambapo mtoto ameketi chini na kusema hataki kuendelea, mwaminini. Mlima hauhami. Aliyeishia getini mwaka huu atafika Met Station mwaka ujao, na huenda siku moja awaongoze nyinyi wazazi hadi Lenana. Yule aliyelazimishwa, hata kama alifika, mara nyingi hataki kusikia habari za mlima tena.